Miezi Mitatu ya Kungoja Jibu

Mhadhara juu ya petisyo ya raia, kodi na barabara — Muhumba, Bukavu

Asubuhi, ukungu ungali juu ya ziwa Kivu, anayetoka Muhumba kuelekea mpaka wa Ruzizi hupishana na akina mama wanaorudi kutoka ng'ambo, Rwanda. Kichwani beseni la nyanya, mgongoni mtoto, mkononi noti za franka zilizokunjwa mara nne ili zitoke moja moja, zisionekane zote. Noti ya kwanza ni ya duane, yaani forodha. Ya pili ni ya watu wa usafi. Halafu anatokea mtu mwenye kijitabu cha risiti, na nyuma yake mwingine asiye na kijitabu. Beseni likifika soko la Kadutu, bei ya nyanya imekwisha kupanda, na mnunuzi anamlaumu muuzaji.

Amri ya serikali namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani, nazo ni nne tu: duane, ambayo siku hizo iliitwa OFIDA na leo ni DGDA, OCC inayokagua bidhaa, huduma ya usafi, na DGM inayoshughulikia uhamiaji. Mama anayeijua idadi hiyo anaweza kumwuliza wa tano ametumwa na nani. Asiyeijua analipa, anaenda zake.

Mhadhara huu unaanzia kwenye beseni hilo. Mtu akiona kodi imezidi, au barabara imekufa, ampelekee nani neno lake, kwa karatasi ya namna gani, na jibu alidai siku ipi?

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inalo jibu, na ni fupi kiasi kwamba mtoto wa shule anaweza kulikariri. Ibara ya 27 inampa kila Mkongomani haki ya kuipelekea mamlaka ya umma petisyo, peke yake au pamoja na wenzake, na inaiagiza mamlaka hiyo ijibu ndani ya miezi mitatu. Kisha inaongeza kwamba mtu yeyote asishtakiwe, kwa namna yoyote ile, kwa sababu amechukua hatua hiyo. Basi. Wenzetu wa Kenya husema ombi kwa Bunge. Bukavu neno lililozoeleka ni petisyo, na ndilo litakalotumika hapa.

Maneno mawili ya ibara hiyo hayajaeleweka vya kutosha mitaani. La kwanza ni “peke yake”. Watu wengi huamini kwamba petisyo haina nguvu mpaka ifikishe sahihi elfu kumi au laki moja. Laki moja ipo kweli katika Katiba, lakini iko mahali pengine kabisa, katika ibara ya 218: hiyo ndiyo idadi ya raia wanaotakiwa ili wananchi wenyewe waanzishe marekebisho ya Katiba kwa petisyo inayopelekwa kwa Bunge la Taifa au Seneti. Kwa jambo la kodi ya soko, daraja au bomba la maji, hakuna idadi. Fundi viatu mmoja wa Nguba, kwa karatasi moja, anaweza kuidai serikali jibu.

Wingi wa sahihi nao haujawahi kuwa dawa. Uingereza, mwaka 1842, wafanyakazi walioitwa Chartists walibeba hadi Bungeni London petisyo yenye sahihi zaidi ya milioni 3, na Bunge likakataa hata kuisikiliza. Miaka minne baadaye, Bunge lilelile lilifuta ushuru wa nafaka uliokuwa ukiupandisha bei mkate wa maskini. Waliokuwa wakiupinga ushuru huo tangu 1838 walikuwa wameng'ang'ania sheria moja tu, kwa jina lake, mwaka baada ya mwaka.

Neno la pili ni “miezi mitatu”, na hapo ndipo Bukavu hupoteza.

Kila mkaaji wa mji huu anaijua picha ifuatayo. Watu wanakusanyika, wanatembea hadi mbele ya ofisi ya mkoa. Kijana mmoja mwenye sauti anasimama juu ya kitu na kusoma memo: mistari mingi, hasira ya haki, Kifaransa kizuri. Afisa anatoka, anapokea karatasi, anaahidi kuifikisha kwa mkubwa wake. Simu zinapiga picha. Watu wanarudi nyumbani. Kesho yake, ukiwauliza waandaaji nakala yenye muhuri wa kupokelewa iko wapi, mara nyingi hakuna aliyeiomba. Bila muhuri hakuna tarehe. Bila tarehe, ile miezi mitatu haina pa kuanzia. Ofisi haikuvunja Katiba, kwa kuwa hakuna awezaye kuonyesha siku iliyoanza kudaiwa.

Haya hayasemwi kwa kuwadharau walioandamana. Wengine wamepigwa na kufungwa kwa ajili ya mji huu. Lakini maandamano yanataka ujasiri wa siku moja, na petisyo inataka mtu wa kuhesabu siku tisini. Mji una watu wengi wa aina ya kwanza. Wa aina ya pili ni wachache, na kazi yao haina picha.

Kodi ya simu ilionyesha nini kinawezekana. Mwaka 2020 mamlaka ya posta na mawasiliano, ARPTC, ilianzisha daftari la simu za mkononi lililoitwa RAM. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupambana na simu bandia na za wizi. Malipo yalikuwa dola 1 kwa mwaka kwa simu ya kizamani, na dola 7 kwa simu ya intaneti, yakikatwa kidogo kidogo kwenye uniti za mwenye simu. Mtu ananunua uniti asubuhi ampigie mgonjwa wake hospitalini. Akibonyeza namba, uniti zimeshapungua. Hakuna wakala aliyemjia, hakuna risiti, hakuna mlango wa kubisha. Kodi ya mpakani mtu huiona ikimjia kwa miguu. Hii ilikuwa inaingia mfukoni bila hodi.

Kilichoiangusha RAM ni swali la kisheria ambalo raia wa kawaida walijifunza kuliuliza: sheria ya kodi hii iko wapi? Ibara ya 174 ya Katiba inasema kwamba kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria, na sheria hupitishwa na Bunge. RAM haikuwahi kupita Bungeni kama sheria. Mavuguvugu ya vijana kama LUCHA, lililozaliwa Goma mwaka 2012, yalipaza sauti. Watu waliandika, walilalamika redioni, waliwabana wabunge wao. Katika kikao kilichofunguliwa Septemba 2021, waziri wa posta na mawasiliano, Augustin Kibassa Maliba, aliitwa mbele ya Bunge la Taifa kujibu swali la mdomo lenye mjadala. Chombo hicho kimo katika ibara ya 138, pamoja na maswali ya maandishi, kumhoji waziri na tume za uchunguzi. Mwanzoni mwa 2022 serikali ikaifuta RAM.

Inafaa kutazama jinsi mambo yalivyofuatana. Malalamiko ya mitaani yalikuwa mengi, lakini yalipata mguu wa kusimamia pale yalipobeba namba ya ibara. Mbunge akipewa hasira hana la kufanya nayo zaidi ya kuhurumia. Akipewa ibara ya 174 na karatasi inayoonyesha uniti zilizokatwa, ana swali la kumsomea waziri. Mwaka huo huo, 2021, Tanzania ilianza Julai kukata tozo kwenye miamala ya simu. Huko tozo ilikuwa imepitishwa na Bunge, kwa hiyo swali la “sheria iko wapi” lisingesaidia. Wananchi walilia juu ya kiwango chenyewe, na wiki chache baadaye serikali ilikipunguza kwa asilimia 30. Ugonjwa unafanana, dawa si moja. Anayeandika petisyo lazima ajue kwanza kama analopinga ni kodi isiyo na sheria au sheria iliyo nzito mno.

Halafu kuna patenti. Mahali pengi, neno hilo likitajwa Bungeni, watu hufikiri juu ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Bukavu patenti ni karatasi ya mchuuzi. Amri yenye nguvu ya sheria namba 79-021 ya tarehe 2 Agosti 1979 ndiyo iliyopanga biashara ndogo, ikairuhusu kwa Wakongomani peke yao na kumtaka kila mchuuzi awe na patenti. Kusudi lilikuwa kumlinda mwenye meza ya mihogo dhidi ya mfanyabiashara mkubwa wa kigeni. Mwenye meza huyo leo akiulizwa patenti inamlinda na nini, anacheka kwa uchungu, kwa sababu patenti haimwepushi na ushuru wa soko, wala na wa komini, wala na mtu wa jioni anayedai “ya usafi”. Sheria hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 40. Mahali pake pa kurekebishwa ni Kinshasa, na hakuna watu wanaoijua vizuri zaidi ya wachuuzi wenyewe. Wakiandika ukurasa mmoja tu unaotaja kila malipo ya wiki moja, nani alipokea na alitoa risiti gani, Bunge litapata habari ambayo hakuna mtaalamu wa mji mkuu aliye nayo.

Na hataza yenyewe, ile ya wavumbuzi, si jambo la mbali. Mwaka 2001, Kenya ikizika watu wengi kwa UKIMWI na dawa zikiwa ghali kupindukia, mashirika ya raia na wagonjwa waliungana kuwabana wabunge juu ya muswada wa mali ya viwanda. Walidai nchi iruhusiwe kununua dawa halali kutoka mahali popote zinapouzwa kwa bei nafuu, bila kungoja ridhaa ya mwenye hataza. Bunge likapitisha sheria hiyo mwaka huo huo. Mwaka uliofuata, badiliko dogo lilipenyezwa, likirudisha sharti la ruhusa ya mwenye hataza. Wale wale waliodai sheria walikuwa bado wanaisoma. Waliliona, wakapiga kelele, likaondolewa. Wangekuwa wamelala baada ya ushindi wa kwanza, wagonjwa wangeligundua kwenye duka la dawa.

Barabara ni sura nyingine ya jambo lile lile. Anayekwenda Uvira kutoka Bukavu kwa ardhi ya Kongo hufuata Barabara ya Taifa namba 5 na kushuka mteremko wa Ngomo kuelekea Kamanyola, akikumbatia mlima upande mmoja na kuachiwa bonde upande wa pili. Mvua ikinyesha, udongo hushuka na malori hukwama. Ndiyo maana wasafiri wengi wamezoea kuvuka Ruzizi, kupita lami ya Rwanda hadi Bugarama, kisha kurudi Kongo kwa Kamanyola. Raia anatoka nchini mwake ili afike mkoani mwake. Wakati huo huo, sheria namba 08/006-A ya tarehe 7 Julai 2008 iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, na kuupa mapato yanayotoka hasa kwenye mafuta ya magari na malipo ya njiani. Kila dereva wa Bukavu aliyejaza tangi alichangia mfuko huo.

Petisyo ya barabara, basi, isianze na machozi. Ianze na hesabu. Iulize: katika mwaka fulani, FONER ilitenga kiasi gani kwa Barabara ya Taifa namba 5 kati ya Bukavu na Kamanyola, kampuni gani ilipewa kazi, na kazi ilipokelewa tarehe gani? Maswali matatu. Bunge la Taifa ndilo linalopiga kura ya bajeti. Lina uwezo wa kuyauliza na lina wajibu wa kuyajibu. Ombi la “mtutengenezee barabara” hujibiwa kwa ahadi. Swali la tarehe na kiasi hujibiwa kwa tarehe na kiasi, au kwa ukimya ambao kila mtu anauona.

Kuna wanaosema kwamba mambo haya ni ya wazungu, kwamba Mwafrika hulalamika kwa mdomo mbele ya mkubwa wake. Historia haikubaliani nao. Mji huu ulipokuwa ukiitwa Costermansville, ulitawaliwa chini ya sheria ya Ubelgiji ya tarehe 18 Oktoba 1908, iliyojulikana kama Charte coloniale. Kifungu chake cha 2 kiliwapa wakaaji wote wa koloni baadhi ya haki za katiba ya Ubelgiji, haki ya kupeleka petisyo ikiwemo. Lakini uhuru wa magazeti, wa kukutana na wa kuunda vyama uliachwa nje. Mtu aliruhusiwa kuandika malalamiko na akanyimwa namna ya kukaa na wenzake kuyatunga. Hila hiyo inafaa kukumbukwa, kwa sababu haikuzikwa pamoja na ukoloni.

Mashariki kidogo, Tanganyika, Wameru walionyesha watu wa mashambani wanaweza nini. Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wachache. Nyumba zilichomwa, mifugo ikapotea. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na watu wa nchi ya udhamini walikuwa na haki ya kupeleka petisyo huko. Wameru wakachanga pesa, shilingi kwa shilingi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York pamoja na mwanasheria Earle Seaton kuieleza dunia yaliyotokea.

Walishindwa. Azimio lao halikupata theluthi mbili za kura zilizotakiwa katika Baraza Kuu. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka Tanganyika akieleza alichokiona: kwamba serikali iliyowachomea nyumba ilikuwa imesimamishwa mbele ya mataifa ikajieleze. Watu waliomsikiliza walikuwa tayari TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954. Wameru walikuwa na mambo manne mkononi: jina la mahali, tarehe, idadi ya watu, na mtu mmoja wa kufuatilia hadi mwisho. Hayo manne bado ndiyo mwili wa petisyo nzuri.

Kenya ya leo imekwenda mbali zaidi katika utaratibu. Ibara ya 119 ya Katiba yao ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, sheria ya mwaka 2012 inaeleza liandikwe vipi, na kamati inayopokea ina muda uliowekwa wa kutoa jibu. Hata hivyo, mwaka 2024, muswada wa fedha ulipofika, maoni ya maandishi yalikusanywa, ushuru wa mkate ukaondolewa, mengine mengi yakabaki, na wabunge wakaupitisha. Tarehe 25 Juni vijana waliingia ndani ya Bunge, watu waliuawa. Kesho yake Rais Ruto alikataa kuutia sahihi. Wanaosema kwamba petisyo ni njia ya polepole wanasema kweli. Njia nyingine ililipiwa kwa damu, na ilifunguka kwa sababu ile ya kwanza ilisikilizwa nusu.

Na Bukavu? Februari 2025 waasi wa AFC/M23 waliingia mjini, wiki chache baada ya Goma. Mabenki yalifunga milango, ndege za abiria zikaacha kutua uwanja wa Kavumu. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500, na hata siku za amani hakukuwa na barabara ya kuifikia. Hapa lazima yasemwe mambo mawili bila kuzunguka. La kwanza: haki ya ibara ya 27 ni ya Mkongomani popote alipo. Haikuchukuliwa na bunduki, na wabunge waliochaguliwa na Kivu Kusini bado wana kiti Palais du Peuple, makao ya Bunge Kinshasa. La pili: orodha ya majina, namba za simu na anwani katika mji wenye vita inaweza kuua. Katiba inakataza mtu kushtakiwa kwa petisyo, lakini karatasi haizuii risasi. Atakayewapitishia majirani orodha ya aina hiyo bila kufikiri ni nani atakayeisoma anawakosea. Katika hali hii, lile neno “peke yake” linageuka kuwa kinga: watu walioko mahali salama, Kinshasa au ng'ambo, wanaweza kutia sahihi kwa niaba ya hoja, na ushahidi wa mjini ukabaki bila majina. Takwimu ya malipo ya mpakani haihitaji jina la mama aliyelipa.

Jambo la lugha limeachwa nyuma kwa muda mrefu mno. Ibara ya 1 ya Katiba inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa ambazo Serikali inapaswa kuzikuza. Ibara ya 27 haisemi petisyo iwe katika lugha gani. Mama wa beseni la nyanya anaijua kesi yake kwa Kiswahili: anajua alilipa kiasi gani, saa ngapi, na aliambiwa nini. Kijana msomi akiigeuza yote kuwa Kifaransa cha memo, kinachopotea kwanza ni zile namba. Iandikwe kwa Kiswahili chake, kisha tafsiri ya Kifaransa iambatanishwe nyuma. Asiyejua kuandika aweke kidole gumba, na karatasi isomwe kwa sauti mbele yake kabla hajagusa wino.

Petisyo ipelekwe kwa ofisi ya Bunge lenyewe, na nakala kwa mbunge. Ibara ya 101 inasema mbunge anawakilisha taifa zima na hafungwi na maagizo ya mtu, kwa hiyo anaweza kuiweka kabatini bila kosa, taasisi haiwezi. Apelekaye adai muhuri na tarehe juu ya nakala yake, aihifadhi mahali pakavu, na awape watu wawili wengine picha yake.

Katiba, katika ibara ya 115, imepanga vikao viwili vya kawaida kwa mwaka. Cha kwanza hufungwa tarehe 15 Juni. Cha pili, ambacho kazi yake kubwa ni bajeti, hufunguliwa tarehe 15 Septemba. Petisyo iliyogongwa muhuri tarehe 15 Juni inadaiwa jibu siku ileile wabunge wanaporudi kugawa pesa za mwaka unaofuata. Wachuuzi wa Ruzizi na madereva wa Ngomo waanze kuandika mwezi wa tano.